Unga Niliosema Nimeumwaga

Watu wazima tuliokuwapo siku ile Junju tulikuwa watano: Bwana Nassoro, aliyenifunza kazi ya kukamata nyoka, Mama Kache, mwenye nyumba, mumewe Charo, wifi yake Dama, aliyekuja na jembe na kukataa kuliweka chini, na mimi, Sidi wa Kibarani, nikiwa na miaka minne kazini. Nyoka walikuwa wawili. Sisi tulihesabu mmoja.

Ninyi mliobaki kituoni mliniomba kabla sijaondoka niwaandikie mambo ya kazi. Nimekaa nyumbani mwezi mzima nikitafuta pa kuanzia, na kila nikishika kalamu narudi Junju. Basi nitafika huko, lakini nitapita njia ndefu, maana asiyejua kazi yetu hawezi kujua nilikosea nini. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Hayajawahi kumtoa nyoka ndani ya nyumba.

Mama yangu alifariki, na baba akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa darasa la sita. Nyuma yangu walikuwa wadogo zangu watatu, na mdogo wao alikuwa bado anabebwa. Sikurudi shule. Niliosha vyombo, nikachota maji ya watu, nikauza mihogo, miaka ikaenda hivyo, mpaka nikasikia kuwa kule nyuma ya Kibarani kuna nyumba ya mawe ambapo wanafuga nyoka na wanatafuta mtu wa kulisha panya. Nilidhani nimesikia vibaya. Mtu kuajiriwa kulisha panya, na nyumbani tunawafukuza bure.

Aliyenipokea alikuwa Bwana Nassoro. Alikuwa mtu wa Malindi, mfupi, kanzu safi, kofia imekaa sawa, na kabla ya nyoka alikuwa fundi wa kushona. Hakuniuliza kama naogopa.

"Una wadogo?" akaniuliza.

"Watatu."

"Nani awalishaye?"

"Mimi."

"Basi utakuwa mwangalifu. Hawa wasio na wa kuwarudia jioni huwa mashujaa, na mashujaa wanichosha."

Mwaka wa kwanza sikugusa nyoka. Nililisha panya, ambao ndio chakula cha nyoka, nikafagia, na nikatazama. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na nawaambia hivi kwa sababu nimewaona wengine wenu mnataka kushika fimbo wiki ya pili. Bwana Nassoro alinikalisha mbele ya kioo cha sanduku na kuniambia nisiondoke mpaka nimwambie jambo ambalo sikulijua asubuhi. Siku moja mvua ilipenya kwenye wavu ikamnyeshea yule nyoka wa kijani wa minazini. Nilimwona akijikunja vizuri, matone yakakaa juu ya magamba yake kama shanga, halafu akayanywa moja moja, akipitisha mdomo juu ya mwili wake mwenyewe. Kiumbe ambaye watu hukimbia hata jina lake, anakunywa mvua mgongoni mwake kwa utulivu kama mtu aliyekaa barazani. Nilisahau kulisha panya. Bwana Nassoro hakunikemea. Alisema tu, "Sasa umeanza kazi."

Kazi za kituo zilikuwa mbili. Tulikwenda kuwatoa nyoka majumbani, na wale wenye sumu tuliwakamua sumu, nayo ikapelekwa mbali, ikarudi miezi mingi baadaye kwenye chupa ndogo kama dawa ya walioumwa. Mpaka leo sijazoea jambo hilo. Nimemshika koboko shingoni, nikamwona akiuma kikombe, matone mawili yakashuka ya rangi ya chai hafifu, na katika matone yale kuna mtu asiyejulikana bado, wa Ganze au wa Kaloleni, ambaye atapumua.

Vifaa vyetu mnavijua, lakini hamjui vilikotoka. Fimbo ya ndoano ya kwanza ilikuwa mpini wa ufagio na kipande cha nondo kilichopindwa na fundi wa vyuma pale Kibarani, aliyetaka kujua tunavulia samaki gani. Mifuko aliishona Bwana Nassoro mwenyewe kwa kitambaa cha marekani, mshono mara mbili, na pembe za chini akazikata kwa mshono wa mshazari ili nyoka asijifiche kwenye kona na kukuuma unapoubeba. Kabla ya kila safari mfuko unageuzwa nje ndani na kuinuliwa kwenye jua. Tundu la sindano halina neno. Tundu la kidole ni mfuko wa kuwekea vitunguu. Kioo kidogo cha kinyozi kilikuwa bora kuliko tochi mchana: unasimama mlangoni, unachukua jua na kulirusha juu kwenye makuti, na nyoka aliyelala darini anang'aa kama samaki. Miwani ni kwa ajili ya swila, ambaye hutema sumu akilenga macho, na chupa ya maji ni kwa ajili ya yule aliyesema swila hafiki huko.

Na kulikuwa na kopo la unga.

Bwana Nassoro alichekecha unga wa mahindi mpaka ukawa laini kama poda, akaubeba kila safari. Tukishamtoa nyoka, alikuwa akimwaga unga mwembamba mbele ya kila tundu, chini ya kila kitanda, kwenye pembe na kizingitini. Watu wa nyumba hawalali humo usiku huo. Asubuhi tunarudi kuusoma. Kuku huandika kwa vidole vitatu, mjusi huandika mkia katikati na miguu pembeni, panya huandika haraka haraka kama mtu mwenye deni. Nyoka huacha mstari mmoja. Bafe, mnene na mvivu, huacha mstari ulionyooka. Koboko huacha mawimbi, na ukiyatazama vizuri unajua aliingia au alitoka. Nyumba nzima inakueleza kilichopita humo wakati hakuna aliyekuwa akitazama. Niliposoma unga mara ya kwanza nilichuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Mwaka wetu hauanzi Januari. Unaanza mvua ya masika inapojaza mashimo, wote waliolala chini ya ardhi wakatoka kutafuta pakavu, na pakavu ni nyumbani kwako. Kabla ya siku hiyo lazima mifuko yote iwe imefuliwa bila sabuni ya harufu, ndoano zimekazwa, vifuniko vya ndoo vimekaguliwa. Wakati wa palizi wanaoumwa ni wanawake, kwenye vifundo vya miguu, na anayeuma ni bafe. Mahindi yakivunwa, panya wanaingia uchagani na koboko anawafuata panya. Miezi ya baridi watu wanaezeka upya, na kila kuti kuukuu linaloshushwa lina habari zake. Wakisafisha chini ya mikorosho, tunaitwa tena. Kiangazi nyoka anatafuta maji, kwa hiyo anatafuta mtungi wako na bafu lako. Katikati ya hayo yote tunaitwa kutoa mipira ya kumwagilia bustani. Nimekamata mitano. Mmoja nilimzunguka nusu saa, na umati wote ukinishauri.

Sasa Junju.

Charo alikuja kituoni asubuhi na gari la kubebea korosho. Masika yalikuwa yameanza wiki ile. Alisema darini kwake kuna nyoka mrefu kuliko mlango, wa rangi ya majivu, na mkewe amekaa nje na watoto. Bwana Nassoro aliuliza swali moja tu, kama walimwona akifungua mdomo. Charo akasema ndiyo, na ndani kulikuwa kweusi, alama ya koboko.

Tulifika kabla ya adhuhuri. Bwana Nassoro aliniambia njiani kuwa nyumba hii ni yangu, yeye atashika ndoo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutangulia. Dama alikuwa mlangoni na jembe lake.

"Huyu ndiye mkamataji?" akamuuliza Bwana Nassoro. "Huyu si mtoto?"

"Mtoto ni nyoka," akasema Bwana Nassoro. "Huyu ana watoto watatu nyumbani. Weka jembe, mama."

"Silimi nalo, nimelishika tu."

Nilirusha jua kwa kioo nikamwona. Sijui niwaambie vipi. Mnawajua wa kwenye masanduku, lakini koboko aliye nyumbani kwake ni mwingine. Alikuwa amelala juu ya boriti nzima, kijivu kama risasi, na kichwa kimeinuka kidogo kuniuliza nimekuja kufanya nini. Hakuwa na haraka. Alipoamua kuondoka, hakuteremka. Alimiminika. Nilimpata kwa koleo la kubania karibu na dirisha, nikamshika shingo, na mwili uliobaki ukanizunguka mkono mara tatu, wenye baridi na nguvu, na chini ya dole gumba langu nikasikia moyo wake ukipiga. Bwana Nassoro akafungua mfuko. Nikafunga fundo la kwanza, kisha la pili.

"Vyema," akasema Bwana Nassoro. Hakuwa mtu wa kusema vyema. Akaubeba mfuko ndani ya ndoo kwenda kuuweka kivulini garini, na akiwa njiani akauliza bila kugeuka, "Unga umemwaga?"

Nikasema, "Nimemwaga."

Kopo lilikuwa tupu. Wiki mbili nilikuwa nikichota konzi moja moja nyumbani jioni, nikijiambia nitarudisha mwisho wa mwezi, na jana yake mvua ilinyesha mchana kutwa, sikupata kibarua cha ziada, wadogo zangu wakanitazama, nikasonga sima ya unga wote uliobaki. Wakala wakashiba. Ningeweza kumwomba Mama Kache unga. Niliuona kwenye kibuyu chake pale jikoni, kiasi cha bakuli moja, na watoto watano nje. Sikuweza kusimama mbele ya mama yule nikamwambia nimwage chini chakula chake. Majivu ya jikoni yangefaa badala yake, lakini yalikuwa tope, paa lilivuja. Basi nikasimama katikati ya nyumba ile na kopo tupu mkononi, nikaona kwamba nyoka tumempata, mkubwa, na nani aliwahi kukuta wawili.

Wengi waliwahi. Kuna majira dume humfuata jike popote aingiapo. Nilikuwa nimefundishwa hivyo.

Mama Kache aliniuliza, "Tulale wapi leo, mwanangu? Kwa wifi hapatoshi."

Kama ningemwambia asilale humo, asubuhi angeuliza tumeona nini kwenye unga. Nikamwambia, "Laleni hapa hapa, mama. Ameondoka."

Kesho yake alfajiri tulitoka kituoni kwenda kusoma unga ambao haukuwapo. Bwana Nassoro aliendesha, akiwa na sanduku lake la barafu lenye chupa za dawa, ambalo hakuliacha hata akienda dukani. Mimi nilikuwa nimeandaa uongo wa pili. Nitasema kuku wameuparura. Niliurudia moyoni njia nzima.

Kabla hatujafika Junju tulikutana na lile gari la korosho likija kwa kasi, Charo amesimama nyuma akipunga shuka. Mama Kache alikuwa amelala juu ya magunia. Alfajiri hiyo alikuwa amekunjua mkeka uliosimama pembeni mwa chumba, na nyoka wa pili alikuwamo ndani yake. Kope za macho zilikuwa zimeanguka, mate yanamtoka, anataka kusema na ulimi haumtii. Bwana Nassoro aligeuza gari, tukawachukua, tukaenda hospitali.

Nitawaeleza nilichokiona kwa sababu nyote mtakiona. Alifika moyo bado unapiga lakini kifua kimeanza kusahau kupanda. Muuguzi alimfunika mdomo na pua kwa kile kifaa chenye mpira wa kuminya, akaanza kumpumulia kwa mkono. Akiminya, kifua kinapanda. Akiachia, kinashuka. Daktari akatia dawa kwenye mshipa, chupa baada ya chupa. Muuguzi alipochoka akaniuliza kama mikono yangu ina nguvu. Nikasimama pale, nikampumulia mama ambaye nilimwambia alale. Sijui ni muda gani. Charo alikuwa ukutani akitaja majina ya watoto wake kwa mpangilio, wa kwanza mpaka wa mwisho, kisha anaanza tena.

Halafu niliminya nikasikia mpira unakataa kidogo. Kuna kitu upande wa pili kilichokuwa kinavuta chenyewe. Muuguzi akasema, "Achia kidogo." Nikaachia, na kifua kikapanda bila mimi. Nimeona nyoka wengi wa ajabu maishani, nimeona chatu akitotoa mayai, nimeona makoboko wawili madume wakisokotana wima kama kamba inayojisuka. Sijaona kitu cha kulinganisha na kile. Sumu ya makoboko ndiyo ilimlaza, na sumu yao ile ile, iliyokamuliwa na Bwana Nassoro mbele yangu, ndiyo iliyorudi kumwinua.

Pale kwenye ukumbi nilimwambia Bwana Nassoro kila kitu. Alivua kofia akaitazama ndani.

"Mliupika?"

"Tuliupika."

"Nami niliuliza nikiwa nimekupa mgongo," akasema. "Hilo ni langu." Akavaa kofia. "Lililobaki ni lako. Mwenye nyumba atalijua kwa kinywa chako. Asipolijua, mimi na wewe hatuna kazi."

Vijana wa Junju walimpata nyoka wa pili siku hiyo hiyo. Dama alipata matumizi ya jembe. Mama Kache alirudi nyumbani baada ya siku tisa. Nilimwacha apate nguvu, kisha nikaenda Junju peke yangu kwa miguu kutoka barabarani. Alikuwa amekaa nje akipepeta. Nilimwamkia, nikasimama, nikamweleza kuhusu unga, bila kuacha sehemu yangu yoyote.

Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi.

"Ulinambia nilale," akasema. "Nikalala."

"Ndiyo, mama."

"Unga wangu uliuona?"

"Niliuona. Niliona haya."

"Haya zako nusura zinizike." Akaweka ungo chini. "Hao uliowapikia ni wangapi?"

"Watatu. Na mimi."

"Wakubwa?"

"Mkubwa anafika hapa." Nikaonyesha kifuani.

Dama, aliyekuwa akisikiliza jikoni, alisema kwa sauti kuwa mtu wa namna hiyo afukuzwe. Mama Kache akamwambia anyamaze, nyumba ni yake na kuumwa ameumwa yeye.

"Sikiza," akaniambia. "Pole yako siitaki, haina kazi hapa. Mimi siku hizi usiku nasikia makuti yote. Silali. Wewe utakuja kila mwaka mvua ya kwanza ikinyesha. Utaleta unga wako, utaumwaga nyumba nzima, na usiku huo humo utalala wewe. Mimi nitalala kwa huyu mwenye makelele. Asubuhi tutausoma pamoja, unifundishe. Utakuja hivyo mpaka siku nikwambie sasa yatosha."

Nikakubali. Ningekubali lolote.

Sijakosa mwaka hata mmoja. Wadogo zangu walikua, wakaoa na kuolewa. Bwana Nassoro aliondoka kazini, na baadaye akaondoka duniani, na mikono yake imo kwenye kila mfuko mnaoushona. Mvua ya kwanza ikinyesha nilikuwa nawaachia zamu na hamkujua nakwenda wapi; wengine mlidhani nina shamba. Mama Kache hunipikia sima na mtsunga, mboga ya majani machungu, hunitandikia, na kunifungia mlango kwa nje. Miaka ya mwanzo sikufumba jicho, na nilielewa maana ya kusikia makuti yote. Asubuhi anafungua, tunachuchumaa wote wawili. Siku hizi anasoma unga kuliko mimi. Mwaka mmoja alinionyesha mstari mwembamba uliopita kati ya mguu wa kitanda na kichwa changu, akaufuata mpaka nje, akasema ni nyoka mdogo wa kula mijusi, hana neno, alitoka kabla ya jogoo wa pili. Alikuwa sawa kwa kila kitu. Alicheka akaketi chini kwenye unga wenyewe. Nilidhani siku hiyo atasema yatosha.

Hakusema. Masika yaliyopita nilimwuliza mwenyewe, nikijua nastaafu.

"Mama Kache, unalala sasa?"

"Nalala," akasema. "Siku ile moja ndiyo nalala vizuri, maana najua kuna mwenzangu macho."

"Na yatosha?"

Kichwa chake ni cheupe chote sasa, na magoti yangu ndiyo yaliyonistaafisha.

"Bado," akasema.

Vifaa vyote nimeviacha kabatini, mifuko imefuliwa, ndoano zimekazwa. Unga nimenunua wangu na nimeuchekecha. Charo ameongeza chumba cha tatu upande wa kisima, sijalala humo hata mara moja, na mawingu yameanza kukaa upande wa Junju.